Chombo Hakirudi Kitupu

Jumamosi, 2 Mei 2020. Kibokoni

Sahani yangu imerudi tupu. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa, na ndani hamna kitu. Mmoja wa wale pacha ndiye aliyeileta. "Mama asema asante, bibi," akapanda ngazi mbio kabla sijamjibu.

Jana karibu na Magharibi niliwapelekea kaimati na tambi za sukari. Walihamia chumba cha juu mwezi wa Februari: mume, mke na pacha wa miaka saba. Watu wa bara, wapole, ukikutana nao ngazini wanakupisha. Mume alikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Hoteli zilipofunga Machi akarudi nyumbani na aproni yake mkononi. Si Waislamu, hawafungi, lakini jirani ni jirani, na harufu ya iliki haichagui pua ya mwenye saumu peke yake.

Sikupeleka ili nirudishiwe. Ila mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea na neno moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huna kitu, tia ndimu. Huna ndimu, tia chumvi kwenye karatasi. Alikuwa akisema sahani tupu ni kama mtu aliyekutolea salamu, ukamtazama ukapita.

Nimeirudisha kabatini. Najiambia ni wageni, hawajui. Lakini imenikaa moyoni mpaka daku.

Jumatano, 6 Mei

Tumefungwa, sababu ya korona. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, ametangaza: kuanzia saa moja usiku wa leo, hakuna kuingia Mji wa Kale wala kutoka, kwa siku 15. Sisi na Eastleigh kule Nairobi. Mombasa nzima ilikuwa imeshafungwa tangu tarehe 8 Aprili, hakuna kwenda nje ya kaunti. Sasa ni kufungwa ndani ya kufungwa.

Baada ya tangazo ndia zote zilijaa. Mwenye kutafuta gesi, mwenye kutafuta unga, mwenye mzigo begani akikimbia kwao Kisauni kabla ya saa moja. Fundi mwenzangu anayeshona nami siku za Ramadhani aliacha kanzu tatu juu ya meza, nusu zimekatwa, akanipa mkono wa mbali. Mimi nilinunua unga wa ngano, hamira, nazi nne na uzi mweupe.

Dadangu wa Majengo akapiga simu. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa mguu, hata tuktuk si lazima, na leo ni kama yuko ng'ambo ya bahari. Akaniuliza kama nina dawa za presha, kama nina maji. Kisha: "Sinia langu liko kwako."

Kweli, liko kwangu. Lilikuja na biriani siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

"Kaa nalo," akasema. "Lakini wajua. Siku likirudi, lisirudi tupu."

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi ya kwanza. Kimya kina sauti zake. Nimesikia bawa la kunguru, nimesikia kijiko cha nyumba ya pili, nimesikia mawimbi ya upande wa Bandari ya Kale, ambayo siku zote yapo ila pikipiki huyafunika.

Ndani ya mji mchana tunaruhusiwa kutembea, lakini wa kutembea ni wachache na kila mmoja ana barakoa. Mikahawa imefungwa. Zile meza za futari zilizokuwa zikipangwa baada ya Alasiri, za viazi karai, bhajia na mishkaki, hazipo. Adhana bado inatoka misikitini, watu wanaswali majumbani. Msikiti wa Mandhry umesimama hapa tangu 1570. Ni miaka 450, na mlango wake una kufuli katika mwezi wa Ramadhani.

Nimepiga hesabu ya jioni. Magharibi inaingia saa kumi na mbili na robo hivi. Kafyu saa moja. Yaani tuna robo tatu ya saa kufuturu, kuswali na kupelekeana sahani. Kwa hivyo leo, adhana ilipokatika, milango ilifunguka pamoja kama iliyopangiwa: watoto na sinia, wasichana na bakuli zilizofunikwa kwa leso, kila mtu mbiombio, "Bi Fundi, hii yako," "Hii ya mama mgonjwa," "Rudi upesi." Mama wa ghorofa ya tatu mkabala na mimi, ambaye magoti yake hayashuki ngazi tena, aliteremsha kikapu kwa kamba. Nikamtilia sambusa sita. Kikapu kikapanda kikiyumbayumba, nikasimama kukitazama mpaka kikaingia dirishani.

Saa moja kasoro dakika mbili, hapana mtu.

Jumapili, 10 Mei

Baraza ni tupu. Pale kwenye jiwe la kona, wazee walikokaa tangu nilipokuwa msichana, muuza kahawa na dele lake hajaonekana tangu Alhamisi. Yeye hulala Tudor, amezuiwa nje. Kwenye lile jiwe habari zilikuwa zikifika, zikipimwa, zikakataliwa au zikakubaliwa. Mtu akileta uongo, mzee mmoja humwuliza, "Umeona kwa mato yako?" na uongo ukafia pale. Sasa habari zinaingia kwenye simu na hapana wa kuziuliza swali hilo.

Kwa hivyo nimeamua kuandika hapa zile nilizozipata dirishani tu, kutoka kwa mtu ninayemwona uso:

Binti wa nyumba ya pili amejifungua mtoto wa kiume usiku wa Ijumaa. Mkunga ni jirani aliyestaafu kazi ya uuguzi. Mama na mtoto salama.

Mfereji hautoi maji, leo siku ya nne. Kisima cha msikiti kimefunguliwa kwa wote, kwa zamu, wanawake asubuhi na vijana jioni. Vijana wanawapandishia wazee mitungi na hawachukui senti.

Samaki wameadimika, maana wavuvi wengi huvua usiku na usiku una kafyu. Aliyepata tafi wanne amegawa wawili.

Kijana anayetembeza wageni Ngome ya Yesu hana kazi tangu Machi. Sasa anawasomesha watoto watatu hesabu barazani kwao, kila mtoto upande wake.

Paka wa Bi Mkubwa, jirani yangu mzee, amezaa. Watano.

Jumatano, 13 Mei

Naandika hili kwa sababu nisipoliandika nitalisahau kwa makusudi.

Jana asubuhi ulienda ujumbe wa sauti kwenye simu za mtaa, sauti ya mtu asiyejitaja: nyumba ya mlango wa nakshi kuna mgonjwa, anakohoa usiku, msipite karibu. Nyumba ya mlango wa nakshi ni ya Bi Mkubwa, inanitazama dirisha kwa dirisha. Ndia yetu ni nyembamba. Nikinyoosha mkono na yeye akinyoosha wake, tunashikana vidole. Ana pumu. Ana pumu tangu mimi ni mtoto, na kila masika inamzidi. Nilimjua kwa kikohozi chake kabla ya kulijua jina lake.

Na bado nilifunga dirisha.

Jana nilifunga. Leo nimefunga. Magharibi nilipeleka sahani kwa nyumba nne na sikupeleka kwake. Nilipopanda nikasikia kikohozi kupitia mbao, nikaongeza mwendo wa cherehani ili nisisikie.

Hofu si dhambi. Sote tunaogopa, na ugonjwa huu umeua watu wa mji huu, si hadithi. Ningeweza kufungua dirisha nikavaa barakoa. Ningeweza kuuliza. Nilichofanya ni kuipokea sauti isiyo na jina na kuiamini kuliko miaka 50 ya kujuana.

Ijumaa, 15 Mei

Leo kabla ya Magharibi hodi mlangoni. Mjukuu wa Bi Mkubwa, barakoa mpaka chini ya mato, ameshika bakuli la kauri lenye ukingo wa buluu. Nalijua lile bakuli. Ndani, ndizi mbivu za nazi, zimenyunyizwa iliki, bado moto.

"Bibi asema," na kijana akalitoa neno lote kama alivyofundishwa, "nyumba ya mawe yataka upepo. Dirisha likikaa limefungwa, boriti huoza."

Hakuuliza kwa nini. Hakusema kwamba siku tatu hajaona sahani yangu. Yeye ndiye aliyetengwa, na yeye ndiye aliyepeleka kwanza.

Nilifungua dirisha. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake cha ukili, pumzi zikimpiga filimbi. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, nisamehe." Akasema, "Ewe mwanangu, mtu akiogopa hufunga mlango. Akishaogopa basi, hufungua. Zimeiva vizuri?"

Zimeiva vizuri. Nimezila nikilia.

Bakuli lake nitalirudisha na kitu cha haja. Si ndimu. Idd ikifika nitapata malipo ya kanzu, nitanunua nyama, nimpikie biriani aliyoipenda kila mara nilipoipika.

Jumatatu, 18 Mei

Wahudumu wa afya wa kaunti wanapima watu, lakini wanaojitokeza ni wachache. Watu hawaogopi kijiti cha puani. Wanaogopa karantini, wanaogopa gari kusimama mlangoni na mtaa mzima kutazama. Baada ya yale ya wiki iliyopita naielewa hofu hiyo kutoka pande zote mbili. Kwa hivyo mimi, mkunga wetu na mama wa mtoto mchanga tulikubaliana kwenda mchana kweupe, watatu, ndia ya katikati, kila mtu atuone. Tuliporudi wengine wanne walikuwa wanauliza foleni iko wapi.

Kitambaa cha kanzu kimebaki, nashona barakoa. Nimeshona 40 na kuzigawa. Mpira wa masikio umekwisha, natumia kamba za mapindo.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya chini, aliyesomesha historia nusu ya mtaa huu, huzungumza nami akiwa ukumbini na mimi nikiwa ngazini. Leo alinikumbusha Ngome. Waomani waliizingira Machi 1696 na ikaanguka Desemba 1698, karibu miezi 33. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi, wanawake na watoto pia, na kilichowamaliza zaidi ni maradhi, kuliko risasi. "Kuta zile zimeandikwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia," akasema, "na watu huja kuzipiga picha. Hapana anayeuliza waliokuwa ndani walikuwa wakigawana vipi kilichobaki."

Nimelifikiria swali hilo usiku kucha. Lazima waligawana. Watu hawakai miezi 33 kwa kuta peke yake.

Jumatano, 20 Mei

Siku 15 zimeongezwa. Sasa ni mpaka tarehe 6 Juni. Idd tutaifanya humu humu.

Sahani ya juu imerudi tena tupu. Hii ni mara ya tano. Leo saumu ilikuwa imenikausha na habari ya kuongezewa siku ilikuwa imenikata maini, nikapanda ngazi mwenyewe. Sikupanda kugombana, nilipanda kuuliza. Mama wa pacha alinifungulia, akanivutia kigoda karibu na mlango, yeye akakaa mbali.

Nikamwambia mama yangu alivyonifundisha: ndimu, chumvi, chochote.

Alishtuka. Mikono yake ikaenda mdomoni. "Mama, mimi nilifikiri nakuheshimu," akasema. "Kwetu, mama yangu alitukataza. Alisema mtu akikupa chakula wakati wa shida, ukamrudishia chombo na kitu ndani, umemwambia: haya, tumelipana, usinikumbushe. Alisema rudisha kimeoshwa, kikiwa kitupu, ili ajue deni bado lipo na wewe unalikumbuka."

Nikanyamaza. Kumbe sahani zile tano alikuwa akinitumia neno lile lile ninalolitaka, kwa lugha nisiyoijua. Mama yangu alisema tia kitu, ili njia isifungike. Mama yake alisema usitie, ili njia isifungike. Wote wawili waliogopa jambo moja: siku watu watakapokuwa wamelipana sawasawa, hakuna anayemdai mwenzake, na kila mmoja akafunga mlango wake.

Nilimwuliza wanakula nini. Akatazama chini. Wanakula mara moja, jioni, na kinachotoka kwangu ndicho wanachowapa watoto kwanza.

Nilishuka nikapima unga uliobaki. Nimegawa nusu kwa nusu. Nimempelekea ndani ya mfuko, si ndani ya sahani, ili tusianze hesabu nyingine usiku huu.

Ijumaa, 22 Mei

Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Cherehani haijapoa tangu Alfajiri. Nguo za Idd ni chache mwaka huu, wengi wameniletea za mwaka jana niziachilie mapindo. Mtoto mmoja ameniletea kanzu ya kaka yake aliyeko ng'ambo ya kizuizi, anataka ipunguzwe imfae yeye, "kwa Idd tu, kisha nairudisha." Nimeipunguza kwa mishono mirefu inayofumuka kwa urahisi.

Bi Mkubwa dirishani: kikohozi kimepungua. Ananidai bakuli, akasema kwa kucheka. Nikamwambia, subiri, linakuja na jambo lake.

Jumanne, 26 Mei

Idd imepita. Hatukuwa na uwanja wa swala, hatukuwa na bembea za watoto, hatukuwa na ule mzunguko wa nyumba kwa nyumba ambapo mtoto hurudi kwao na mfuko wa sarafu na tumbo la haluwa. Watu walisimama madirishani na kupeana mkono wa hewani: "Idd mubarak! Kullu aam!" Mama wa ghorofa ya tatu aliteremsha kikapu chake kikiwa na peremende, watoto wa ndia nzima wakajipanga chini, mmoja mmoja, hatua mbili mbili kama walivyofundishwa. Kamba ilipanda na kushuka mara kumi na kitu.

Pacha nao walijipanga. Mwenye kikapu hakuuliza ni wa dini gani.

Malipo ya kanzu hayakutimia. Wawili waliomba tusubiriane mpaka kazi zifunguliwe, na ninawaelewa. Nyama sikununua. Bakuli la Bi Mkubwa bado liko kwangu, kabatini, limefunikwa kitambaa. Nimemwambia wiki ijayo.

Ijumaa, 29 Mei

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Bi Mkubwa amefariki usiku huu, kitandani kwake, mjukuu akiwa chumba cha pili. Pumzi zake zilichoka. Nilikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu saa kumi, wakati ambao kila siku nasikia kikohozi chake akiamkia swala, sikusikia kitu. Nikakaa kitako gizani nikisubiri kuisikia sauti ile ile niliyoifungia dirisha.

Mazishi ni watu 15, hiyo ndiyo amri nchi nzima. Bi Mkubwa alikuwa na watoto, wajukuu, vitukuu, na mtaa mzima aliousukia ukili. Wanawe wa nje ya kizuizi walizungumza na maaskari na wawili wakaruhusiwa. Jeneza lilipita ndia yetu likibebwa na wanaume wachache, tahlili ikisomwa kwa sauti ndogo, kuelekea Kikowani. Siku nyingine lingekwenda juu ya mikono ya mamia, kila mtu akipokea hatua mbili tatu kwa ajili ya thawabu, mpaka mbebaji hajui ni zamu ya nani. Leo mabega yale yale yalikwenda nalo mpaka mwisho wa ndia.

Lakini mtaa ulifanya hivi. Kila mlango ulikuwa wazi. Kila dirisha. Hapana aliyepanga, hapana aliyetuma ujumbe. Watu walisimama vizingitini, barakoa usoni, na jeneza likifika mlangoni pa mtu, mtu yule alinyoosha mkono bila kugusa, akalisindikiza kwa kiganja mpaka mlango wa pili, pale mwingine akapokea. Mama wa pacha alisimama ngazini, kitambaa kichwani, akafanya kama walivyofanya wenzake.

Yule aliyesambaza sauti ya mlango wa nakshi huenda alisimama nasi. Simjui, na leo sitaki kumjua.

Jumatano, 3 Juni

Khitma tumeisoma kila mtu kwake, juzuu tumegawana kwa majina dirishani. Mimi nimepata ya saba.

Baadaye nilivuka nikabisha kwa mlango wa nakshi, makiwa mara ya pili. Nilibeba bakuli. Ndani nilitia ndimu moja, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

Ile ndimu nilikuwa nayo tangu tarehe 15 Mei. Si ile ile, lakini kila siku kulikuwa na ndimu ndani ya nyumba yangu, na chumvi, na uzi, na kikombe cha tangawizi. Kila siku ningeweza kunyoosha mkono dirishani. Nilikuwa nangojea biriani. Nilitaka kosa langu lilipwe kwa kitu kikubwa, na mama yangu hakunifundisha kikubwa hata siku moja. Alisema ndimu, na nahisi sasa alijua kwa nini: ndimu haisubiri mshahara.

Mkwewe Bi Mkubwa aliipokea ndimu kwa mikono miwili. Bakuli akanirudishia. "Kaa nalo, Bi Fundi. Alikuwa akisema liko kwako, akifurahi kusema hivyo. Alisema maadamu liko kwako, utakuja."

Jumapili, 7 Juni

Vizuizi vimeondolewa. Rais ametangaza jana. Mji wa Kale na Eastleigh zimefunguliwa, na kafyu sasa ni saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Mombasa bado imefungwa kwa kaunti nyingine, lakini Majengo ni Mombasa.

Nimekanda mahamri usiku, yakaumuka vizuri kwa joto. Saa mbili asubuhi nilikuwa njiani, sinia la dadangu kichwani, mahamri hamsini chini ya leso. Pale palipokuwa na kizuizi palibaki mawe mawili tu pembeni. Nilipita katikati yake nikiwa na woga, kama mtu anayeibia. Muuza kahawa wa Tudor alikuwa anakuja upande wangu, dele mkononi, vikombe vikilia. Alisimama akaniuliza habari za wazee wa baraza, mmoja mmoja. Nikampa: huyu mzima, huyu mzima, huyu anaumwa mguu. Alipomaliza wazee akauliza, "Na Bi Mkubwa?" Nikamwambia. Akaweka dele chini katikati ya barabara.

Dadangu alikuwa mlangoni kwake. Hakutazama uso wangu kwanza, alitazama sinia. Kisha akalitua kichwani pangu, akanishika mabega, na hatukukumbuka habari ya umbali.

Nilipoondoka alinipa sufuria ya mbaazi za nazi. Sufuria ni yake. Kwa hivyo nitarudi.

Jumanne, 9 Juni

Jana, mbaazi za dadangu nilizigawa. Sehemu moja nilitia ndani ya bakuli la ukingo wa buluu, juu yake mahamri manne, nikapanda ngazi.

Mama wa pacha alilijua lile bakuli. Alikuwa amesikia habari yake. Ngazi za nyumba hii hazifichi neno. Akasema, "Hili siwezi kulipokea, mama. Ni la marehemu."

Nikamwambia, "Ni la ndia hii. Lilitoka kwake likaja kwangu, sasa linakuja kwako. Ukishamaliza, lirudishe ukitaka kwa desturi ya mama yako, ukitaka kwa desturi ya mama yangu. Zote nazielewa sasa. Ila usifanye haraka."

Mumewe amepata kibarua cha kupakia mizigo Shimanzi mpaka hoteli zifunguliwe. Hiyo ndiyo habari ya leo. Nyingine: maji yametoka tangu Alfajiri, wazee wawili wamerudi barazani wakikaa mbalimbali, na mjukuu wa Bi Mkubwa ameniletea mtoto mmoja wa paka, wa manjano, anayelala sasa juu ya vipande vya kitambaa cha barakoa.

Bakuli bado liko juu. Sijaliuliza. Muda si mrefu uliopita nimewasikia pacha wakiligonga kwa kijiko, zamu kwa zamu, wakisikiliza linavyolia.